Kupanga harusi Nairobi: lipieni fungate kwanza, na maiki iwe na mwenyewe

Mkishakubaliana tarehe, kitu cha kwanza watu hufanya hapa Nairobi ni kufungua grupu la WhatsApp na kutafuta mwenyekiti wa kamati, na kutoka hapo maneno yote ni hema, mapambo, keta wa chakula, magari na nguo za wasimamizi. Hotuba zinaachiwa MC siku yenyewe. Fungate inaambiwa ingoje, tuone kitakachobaki. Na hakuna kitu hubaki.

Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na nimepewa maiki mara nyingi na watu wangu, na nakwambia rangi ya hema hakuna mtu huikumbuka mwaka ukiisha, lakini maneno aliyosema baba ya msichana watu huyarudia miaka na miaka, na zile siku chache mnazotoroka mkiwa wawili tu ndizo zinawapatia nafasi ya kupumua kabla maisha yaanze. Kwa hivyo mpango wangu unaanzia huko, hayo mengine yanafuata.

Pesa ya fungate isiguse bajeti ya kamati

Kabla ya kikao cha kwanza cha kamati, kaeni chini nyinyi wawili, mkubaliane mnaenda wapi, siku ngapi, na ni pesa ngapi. Halafu lipeni depositi, ama muiweke kwa sacco ama akaunti ambayo haijui harusi. Isiandikwe kwa bajeti ya kamati hata kidogo, juu ikishaandikwa pale inakuwa kitu cha kukatwa, siku viti vimepungukiwa na elfu themanini mtu atauliza kwa kikao "kwani lazima waende Diani?" na hamtakuwa na jibu mbele ya watu waliowachangia. Michango ya watu ilishe watu, fungate iwe jasho lenu wenyewe. Hiyo ni heshima kwa wote.

Kwa upande wa kamati, mweka hazina awe mtu mwingine kabisa, si bwana harusi, na laini ama Paybill ya michango iwe ya kazi hiyo peke yake. Wale wanaoahidi waandikwe na tarehe, si jina na pesa tu. Na tafadhali msibaki na balansi kubwa ya kulipa Jumamosi asubuhi: M-Pesa inakubali 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku nzima, sasa kama keta anadai laki tatu, mwenye hema laki moja na nusu, na mpiga picha ameanza kunung'unika, simu itagoma mkiwa kanisani. Lipeni Alhamisi, mtume picha ya risiti kwa grupu, Ijumaa mlale.

Tarehe na makaratasi, haraka haraka

Agosti na Disemba kila mtu anaoa juu shule zimefungwa na watu wa ng'ambo wamekuja, kwa hivyo viwanja vya Karen, Kiambu Road na Limuru hujaa mapema sana na bei hupanda. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu, na nyasi za hivyo viwanja zinageuka tope linalomeza visigino vyote, kama lazima iwe Aprili basi tafuteni ukumbi wenye sakafu. Julai ni kavu lakini baridi inauma, wazee watoke na mablanketi. Mimi ningechagua Februari ama Septemba bila kufikiria mara mbili.

Kama ni ndoa ya serikali, notisi kwa msajili inahitaji siku 21 kabla ya kufungishwa na haifai kupita miezi mitatu, mnaanzia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na ofisi ya msajili iko Sheria House pale Harambee Avenue. Kama ni ya kanisa muoneni pasta ama padri kwanza kabla hamjalipa uwanja, maana yako madarasa ya kuhudhuria na kuna makanisa kalenda yao imejaa kuliko ya uwanja. Na kama mmefanya ruracio ya Wakikuyu, koito ya Wakalenjin ama mila zenu zingine na mnataka hiyo ndiyo iwe ndoa yenyewe, pia ya kimila inaandikishwa kwa msajili chini ya sheria ya ndoa ya 2014, msiache hivyo tu.

Pangeni siku kutoka mwisho kurudi mwanzo

Jua letu linazama kama saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na viwanja vingi vinataka muziki uzimwe jioni, wengine wako na kibali cha kelele cha mchana tu (ulizeni mwenye uwanja akuonyeshe, msiamini mdomo). Kwa hivyo anzeni na sala ya kufunga saa kumi na moja unusu, halafu mrudi nyuma. Zawadi zinahitaji saa moja nzima, na mjue zinahitaji, juu ile foleni ya watu kuimba wakija mbele, familia ya bwana, familia ya bibi, watu wa kazi, chama cha mama, kwaya, majirani wa zamani wa Umoja, haikatwi kirahisi na haifai kukatwa, ni furaha ya watu. Keki nusu saa. Hotuba nusu saa. Chakula saa saba na nusu hata kama bwana na bibi harusi bado wako kwa picha.

Narudia hiyo ya chakula. Watu wametoka Machakos ama Nyeri saa kumi na moja asubuhi, wamekaa ibada ya masaa mawili, wamesota kwa jam ya Ngong Road, halafu wanaambiwa wangoje maharusi wapigwe picha Arboretum. Mtu mwenye njaa hasikii hotuba. Walisheni, ndio waongee. Wapiga picha waambiwe saa moja tu mchana, halafu wapewe nusu saa nyingine saa kumi na moja jioni wakati jua limelegea, picha za hapo huwa nzuri zaidi hata bila kuhangaika. Kama wanaleta droni muulize kama wako na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, hasa mkiwa upande wa Lang'ata na Karen, ndege za uwanja wa Wilson zinapita hapo juu.

Hotuba: nani aongee

Hapa ndipo harusi nyingi za Nairobi huumia. Maiki inazunguka kaa daftari la mahudhurio, kila mtu anasema maneno mawili ambayo ni dakika kumi, mwisho bibi harusi amechoka uso na watoto wanalia chini ya meza.

Watu watano wanatosha. Mzazi mmoja ama msemaji mmoja kutoka kila upande, msimamizi wa kiume, msimamizi wa kike, halafu maharusi wenyewe kushukuru. Kama ukoo una mjomba ambaye ndiye huongea siku zote, basi ukoo ukubaliane nyumbani kwamba yeye ndiye sauti ya wote, na akisimama watu wake wote wasimame nyuma yake wapungie mkono, hapo shangazi sita wameonekana na hakuna aliyehisi ameachwa. Hii njia nimeiona ikifanya kazi vizuri sana na inaheshimu wazee kuliko kuwakata wakiwa katikati ya sentensi.

Kama kuna mheshimiwa amealikwa, ama mnashuku atatokea tu, mwenyekiti wa kamati aende amsalimie akishuka kwa gari na amwambie kwa upole, "mheshimiwa tumefurahi, tutakutambulisha usimame usalimie watu na utupatie baraka, dakika moja." Wengi huelewa wakiambiwa mapema. Asiyeambiwa ndiye huanza kuhesabu barabara alizojenga.

MC naye mpeni karatasi yenye majina yote, vile yanatamkwa, nani ni nani kwa nani, na vitu asivyoruhusiwa kugusa. Kama baba na mama wa msichana walitengana, mwambie. Kama kuna msiba wa karibuni, mwambie. MC mzuri atawauliza haya yote kabla hamjamwambia, asiyeuliza kitu mtafuteni mwingine.

Kuandika na kusema hotuba yenyewe

Dakika tatu, hiyo ni ukurasa mmoja na kitu wa mkono wako ukiandika kawaida. Chagua jambo moja tu ulilomuona nalo kwa macho yako, si sifa. Ukisema "ni mtu mkarimu, mcheshi, mchapa kazi" umesoma barua ya kuomba kazi. Ukisema alikupikia nini siku gani, watu wananyamaza. Halafu jambo moja juu ya yule anayeolewa naye, hata kama humjui sana, juu wakwe wako pale wanangoja kuona kama mtoto wao ameonekana. Hapo wengi hukosea, wanaongea upande wao tu mpaka mwisho.

Usitaje wapenzi wa zamani, wala usiseme "tulidhani hataolewa". Usitaje ni pesa ngapi zililipwa kwa mahari, hata kwa kucheka, hiyo ilimalizwa na wazee mezani kwao.

Niwape mfano, tuseme ni kaka mdogo wa bibi harusi:

"Wazee wetu, wakwe zetu, marafiki, hamjambo. Mimi ndiye kitinda mimba kwetu. Mama alikuwa anafanya shifti ya usiku, na huyu dada yangu ndiye alikuwa anaamka saa kumi na moja ananipikia uji, ananifunga kamba za viatu, ananipeleka mpaka stegi, halafu sasa ndio anakimbia shule yake akiwa ameshachelewa. Kila wiki aliadhibiwa kwa kuchelewa na hakuwahi kumwambia mwalimu sababu. Shemeji, wewe nilikujua ile siku gari lilikuzimikia Mombasa Road kwa mvua. Ulinipigia ukasema nisimwambie dada, atashtuka. Dakika mbili hazijaisha ukapiga tena, ukasema hapana, mwambie, sisi hatufichani. Siku hiyo nilienda nikalala vizuri. Sasa naomba wote tusimame, tuinue glasi, iwe juisi, soda ama maji. Dada na shemeji, msifichane kitu, na uji usikose kwenu. Heri na baraka!"

Angalia vile imefanya. Dada ana kitu kimoja, shemeji ana kitu kimoja, watu wameambiwa wasimame kabla ya maneno ya mwisho si baada, na imeisha mahali inaonekana imeisha, kwa hivyo kila mtu anajua saa ya kunywa. Kuinua glasi kukishindwa huwa ni hapo tu, msemaji amemaliza, watu wanaangaliana, nusu wamekaa nusu wamesimama. Na glasi ziwe zimeshajazwa, hiyo ni kazi ya keta lakini mtu wa kamati amkumbushe MC akianza kumuita msemaji. Harusi nyingi za kanisa na za Waislamu hazina pombe, na hakuna kinachopungua, juisi ya ukwaju iliyokaa kwa barafu ikiinuliwa na watu mia tatu kwa pamoja ni kitu cha kupendeza sana.

Lugha nayo muifikirie. Kama shosho, yaani nyanya, ametoka ushago na anaelewa Kikamba peke yake, mpe sentensi mbili zake umwangalie machoni ukizisema, na kama wakwe ni Wajaluo jifunze salamu na asante vizuri kutoka kwa shemeji, isiwe ya kubahatisha. Katikati iwe Kiswahili, kila mtu yuko ndani. Sijaona shosho akisahau mtu aliyefanya hivyo.

Soma hotuba kwa sauti nyumbani ukipima na simu. Siku yenyewe iwe kwa karatasi, kwa jua la saa nane kioo cha simu hakionekani na mikono inatetemeka mpaka inajifunga yenyewe. Maiki iweke chini ya kidevu, upana wa ngumi moja kutoka mdomoni, usiigonge wala kuuliza "mnanisikia?" maana mtu wa sauti ameshaijaribu, na kama hajaijaribu kamati imuulize asubuhi mapema. Na muwe na jenereta tayari, si ya kwenda kutafutwa stima ikipotea.

Maharusi, hotuba yenu ndiyo fupi kuliko zote. Mshukuru wazazi, kamati kwa jina la mwenyekiti, waliosafiri mbali. Halafu kila mmoja amwambie mwenzake sentensi moja mbele ya watu. Moja tu. Hiyo ndiyo watu walikuja kusikia.

Fungate: mahali, na vile mtafika mkiwa bado mnapendana

Kosa la kwanza ni kusafiri usiku huo huo. Mtakuwa mmesimama tangu saa kumi alfajiri, miguu imefura. Laleni Nairobi, hoteli yoyote safi ambayo hakuna mtu wa kamati anajua jina lake, Jumapili muamke mkitaka, Jumatatu ndio muende. Jumatatu mpaka Alhamisi bei pia huwa chini na hakuna magrupu ya wikendi.

Kosa la pili ni jina kwa tiketi. Ndege na treni zinaangalia kitambulisho ama pasipoti, kwa hivyo bibi harusi aandikishwe jina lile la zamani liko kwa kitambulisho, si la mume, hata kama roho inataka. Beba cheti cha ndoa nakala tu, orijino ibaki kwa mama. Na kila hoteli muulize bei ya wakaazi, tofauti huwa kubwa, mtahitaji kuonyesha kitambulisho mkifika.

Kama bajeti ni ndogo, Naivasha iko kama kilomita 90 na inatosha kabisa. Mnakodisha baiskeli pale geti la Hell's Gate mnaingia mkipedali katikati ya punda milia na twiga, jioni mnakaa kando ya ziwa mkisikiza viboko. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, fanyeni mkiwa na mtandao, na msibebe maji ya chupa za plastiki za kutupwa maana zimekatazwa kwa mbuga tangu Juni 2020, bebeni chupa zenu za kujaza. Tigoni iko karibu zaidi, majani chai na ukungu na moto wa kuni, kwa watu ambao wanataka kulala tu, na hakuna aibu kwa hiyo. Nanyuki ni karibu kilomita 200, Mlima Kenya unaonekana asubuhi mapema kabla mawingu yaufunike, na Ol Pejeta ndipo wanaishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani. Kusimama pale na mtu uliyemuoa juzi ni kitu kitawanyamazisha nyinyi wawili.

Maasai Mara ni ndoto ya wengi. Nyumbu wako huko kuanzia Julai mpaka Oktoba na bei ziko juu zaidi wakati huo, lakini simba hawahami, kwa hivyo Februari mtaona wanyama bila kupigana na magari ishirini kwenye chui mmoja.

Pwani ndio moyo wangu uko. Treni ya SGR kutoka Syokimau ni kama masaa tano mpaka sita, siti ya kawaida 1,500 na ya daraja la kwanza 4,500, mnabuku kwa *639# na mbuku mapema sana kama ni Disemba. Fikeni saa nzima kabla, juu mizigo inapangwa laini chini mbwa wa usalama wapite wakinusa, halafu kuna mashine, halafu tiketi, na treni haingojei mtu ati ameoa jana. Mtashuka Miritini, si mjini, kwa hivyo pangeni gari la kuwapokea, na kama mnaenda Diani dereva apitie barabara ya Dongo Kundu, msikae foleni ya feri Likoni na masanduku. Ama mchukue ndege ndogo ya Wilson mpaka Ukunda, ni ghali lakini mko kwa mchanga kabla ya chakula cha mchana.

Upepo uangalieni. Novemba mpaka Machi ni kaskazi, joto liko lakini bahari imetulia na maji ni safi, hapo ndio mwende Wasini na Kisite kuona pomboo na matumbawe. Mei na Juni ni kusi na mvua, hoteli zinashusha bei, zingine hasa Lamu hufunga kabisa, pigeni simu kwanza. Lamu yenyewe mnaruka mpaka Manda halafu mnavuka kwa boti, na mji wa kale hauna nafasi ya magari, ni punda na miguu, mji umekuwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Kuna misikiti na familia zinaishi hapo, kwa hivyo mkitembea vichochoroni vaeni vya kufunika mabega na magoti, mapenzi ya hadharani myaweke kwa jahazi machweo ama chumbani. Mkifika huko kuleni pweza wa nazi na mikate ya mofa, na msiandike ratiba yoyote.

Simu moja izimwe, nyingine ibaki na mtu mmoja anayejua mko wapi, dada ama besti, wa kupigia kwa dharura peke yake. Tokeni kwa grupu la kamati? Hapana, linyamazisheni tu, juu mtalihitaji mkirudi.

Mkirudi, ndani ya wiki mbili, iteni kamati muivunje vizuri. Nyama choma ama chai na mandazi, yoyote mnayomudu. Mweka hazina asome pesa zilizoingia na zilizotoka mpaka shilingi ya mwisho, deni lolote litajwe na tarehe ya kulipwa, wenye vyombo vya watu warudishe, na picha zigawanywe hapo hapo kwa flashi. Halafu nyinyi wawili mpite mkono kwa mkono mkimshukuru kila mmoja kwa kitu alichofanya, yule aliyelinda keki, yule aliyelala na viti usiku wa Ijumaa. Grupu lifungwe siku hiyo hiyo.